Joto Lote

Gari lilirudi kutoka mlimani, na injini ilikuwa ya baridi.

Fundi aliweka kiganja juu ya silinda, akakiondoa, akakiweka tena. Injini hii, iliyokaa nyuma ya gari, haikuwa na rejeta wala maji. Ilipozwa kwa upepo wa feni tu, na baada ya mlima ilipaswa kumbabua mtu. Ilikuwa baridi kama mtungi.

"Ulipumzika njiani, Mzee?"

"Nipumzike, kwani mimi bibi harusi?" alisema mwenye gari, mstaafu aliyelitunza tangu ujana wake. "Nimeyapita malori kama yameegeshwa. Umeiroga, wewe!"

Fundi alicheka kwa adabu.

Mstaafu alikuwa ametaka gari liweze kuuvuka mlima hadi kwa wajukuu zake. Fundi alipanua silinda, akaweka pistoni kubwa zaidi, akaongeza kipoza oili. Nguvu ikaja, joto likaja nayo. Injini ilinoki, pistoni zikakwama, akaijenga upya, ikanoki tena. Katika injini ya namna hiyo, kila nguvu unayoongeza ni joto unalopaswa kulitafutia pa kwenda, na yeye alikuwa ameishiwa pa kulipeleka. Alasiri moja, akiwa peke yake gereji, alitupa spana sakafuni, akaiinamia injini iliyokuwa wazi.

"Anayelitaka joto hili alichukue," alisema. "Alipeleke anakotaka."

Feni, ambayo haikuwa na mkanda, ilizunguka kidogo. Ikaja harufu ya nywele zilizoungua. Fundi alidhani ni upepo wa mlangoni. Aliifunga injini, na tangu siku hiyo haikupata moto tena.

Wiki hiyohiyo binti yake wa pekee alianza homa. Ilipanda ghafla, ikashuka ghafla. Hospitali walipima damu, wasione kitu. Aliyeona ni mama yake.

"Jana mlilijaribu gari saa ngapi?"

"Baada ya chakula cha mchana."

"Ndipo alipoanza kuungua. Na leo umeniambia limetoka mlimani. Unajua leo alikuwaje?"

Fundi alikitazama kiganja chake. Alijiambia kwamba kesho angeifungua injini ile, hata kama hangejua anatafuta nini.

Kesho yake Mstaafu hakuja gereji. Kabla ya adhuhuri mke wa fundi alipiga simu, fundi akakimbilia nyumbani, akakuta mlangoni viatu vya shangazi wa mkewe, mganga aliyezoea kuitwa kwenye nyumba zenye majini. Chumba kilinuka oili iliyoungua. Mtoto alikuwa amelala juu ya shuka iliyokauka na kukunjamana kama iliyopigwa pasi vibaya, na kifuani mwake ilitoka sauti ambayo fundi aliifahamu kabla hajafika kitandani, maana aliisikiliza kila siku ya kazi: mngurumo wa injini inayopanda kwa gia ya pili, ikilegea kidogo kwenye kona na kukaza tena baada yake.

"Yuko mlimani," alisema fundi. "Mzee amekwenda kwa wajukuu."

"Jini huyu ni wa moto," shangazi alinong'ona. "Hakuingia mwenyewe, ameagizwa. Nani alimwambia neno?"

Fundi aliinamisha kichwa, akalisema lile alilolitamka gereji.

"Mume wangu!" mkewe alisema, na hakuongeza kitu.

"Neno lako, ulifute wewe," alisema shangazi. "Akusikie kutoka kwenye kile chombo, na kiwe kinanguruma. Lakini lipime, mwanangu. Hawa huchukua kama ulivyosema."

Mstaafu aliitika simu akiwa na furaha. "Niko karibu na kilele, fundi! Sikamatiki!"

"Mzee, simama. Usizime. Fungua nyuma, uweke simu karibu na injini."

"Umekunywa?"

"Nakuomba, Mzee wangu. Mtoto anakufa."

Ukasikika mlango, kisha mngurumo ukajaa chumba chote, na sasa ilikuwa sauti moja inayotoka mahali pawili, kwenye simu na kwenye kifua cha mtoto, ya huku na ya kule zikienda sambamba mpaka fundi hakuweza tena kujua ipi inaifuata ipi, na mkewe akaishika simu pamoja naye, na fundi akasema haraka kama mtu anayemwaga maji ya moto:

"Joto lote lililo mwilini mwa binti yangu, lirudi lilikotoka!"

Kifua cha mtoto kikanyamaza.

Shangazi alifumba macho. "Umesema lote," alinong'ona. "Hata la uhai."

Mama alimshika mtoto mashavu, akayasugua, akampulizia vidoleni, akamwita kwa jina la utani alilompa tangu uchanga. Midomo ilikuwa ya rangi ya majivu na haikusogea. Ndipo sauti ikatoka kwenye simu, chini ya mngurumo, ndogo na ya karibu.

"Baba? Huku kuna upepo."

Mama alimtazama mtoto kitandani, kisha simu.

"Fundi!" Mstaafu alikuwa akipiga kelele, mbali kidogo. "Imepata moto ghafla! Inafuka moshi, itanoki hii! Nizime?"

"Baba, wasizime."

Fundi aliijua injini ile kuliko mtu yeyote. Kwa sauti yake tu alisikia oili ikiwa nyepesi kama maji na pistoni zikianza kukwangua kuta, na alijua kwamba ikiachwa hivyo itakwama yenyewe muda si mrefu.

"Nizime au nisizime? Sema neno, fundi!"

Mkewe alikuwa akimtazama mdomoni. Fundi aliufungua, akaogopa neno, akaufunga.