Likizo ya Kuitika

Swabra aliitika. Hilo ndilo kosa lake, ikiwa kumwitikia mume ni kosa.

Ilikuwa saa sita na nusu mchana, siku ya kwanza, katika hoteli moja ya ufuoni kule Shanzu. Alikuwa ameketi kitandani anavua viatu, akamsikia Faiz anamwita kutoka bafuni: "Swabra!" Naye, kama mwanamke yeyote wa pwani aliyefunzwa adabu na wakubwa zake, akajibu papo hapo bila kufikiri, "Abee!" Akangoja aagizwe taulo au sabuni. Kimya. Hata maji hayakusikika. Kisha ukafunguliwa mlango wa nje, Faiz akaingia na chupa mbili za maji, jasho linamtiririka.

"Si ulikuwa bafuni wewe?"

"Nilikuwa mapokezi. Kwani?"

"Umeniita sasa hivi, Faiz. Nimekusikia kwa masikio yangu."

Mtu mwengine angecheka, au angekwenda kuchungulia huko bafuni. Faiz alisimama pale pale mlangoni, akauliza kwa sauti ya chini, "Ukaitika?"

"Nikaitika. Kwa nini nisiitike?"

"Vyema," akasema Faiz, akaketi, akanywa chupa nzima ya maji.

Vyema! Mkeo anakwambia ameitwa na bafu tupu, nawe wasema vyema. Lakini Swabra hakulishika neno lile, na wa kumlaumu ni nani? Miaka tisa ya ndoa hajawahi kulala pahali ambapo hakupafagia mwenyewe. Leo yuko hotelini, mashuka meupe pe, bahari iko mlangoni, na mume ambaye tangu asubuhi amemshika mkono mara nne mbele za watu. Mwanamke aliyefurahi hana wakati wa kuchunguza neno moja.

Kwao ni Magogoni, Kisauni. Faiz ni karani wa yadi ya makontena kule Changamwe. Mamake, Bi Zuleikha, alikuwa amefariki miezi miwili nyuma, na mtaa mzima ulijua kwamba bibi yule alikuwa kiti cha rohani, yaani alipandwa na jini wa Kiarabu, mwenye kiburi na mwenye kupenda usafi, ambaye kila Alhamisi alitaka afukiziwe udi na kuwekewa kahawa chungu, la sivyo alimkaba bibi koo mpaka macho yakamtoka. Alipozikwa, Faiz alimwambia mkewe kwamba jini naye kaondoka, mambo yamekwisha. Swabra akaamini. Amuamini nani kama si mumewe?

Nyumbani wakabaki watatu: wao wawili na Wardah, dadake Faiz. Swabra alipoolewa alimkuta Wardah ana miaka kumi na mmoja, nywele zimejaa chawa, kwa maana mamake alikuwa wa jini zaidi kuliko wa mtoto. Swabra hakujaliwa wa kuzaa. Akamshika huyu. Akamchana, akamsuka, akamsomesha juzuu, akakesha naye alipokuwa na homa. Sasa Wardah ana ishirini, ameposwa, na harusi ni mwezi ujao. Lakini tangu khitma ya arobaini ya mamake, kila adhuhuri msichana alikuwa akijishika koo na kuanguka chini. "Wasiwasi wa harusi tu," Faiz alisema. Swabra akamkanda, akamsomea, akampepea mpaka mikono ikafa ganzi.

Na ni Wardah huyo huyo aliyemfungia wifi yake sanduku la safari, akamkumbatia mlangoni muda mrefu, huku akilia.

"Nenda ukafurahi, wifi," alisema. "Wallahi, ufurahi kwelikweli."

Mpango ulikuwa siku nne hotelini, kisha siku mbili baharini kwenye merikebu ya matanga inayotembeza watalii. Ni Faiz aliyepanga yote, mtu ambaye siku ya Idi alikuwa akilala mpaka alasiri.

Siku ya tatu alifika Mercyline, mfanyakazi wa vyumba, mama wa Kakamega mwenye maneno mengi na kicheko cha karibu. Alisimama mlangoni na kitoroli chake, akavuta pumzi.

"Madam, hapa hatukubali kuchoma ubani ndani. Nitaulizwa mimi."

"Sijachoma kitu, dadangu."

Lakini harufu ilikuwepo. Ilikuwa udi, ule mzito, uleule uliokuwa ukitoka chumbani kwa Bi Zuleikha siku za Alhamisi.

"Basi ni mzee wenu," Mercyline akasema. "Yule mzee wa kanzu mwenye alikuwa amekaa hapa kitandani asubuhi, nyinyi mkiwa kwa chai. Niliingia nibadilishe mashuka, akaniambia upande wake nisiguse. Ati anangoja mke wake."

"Hatuna mzee sisi. Tuko wawili tu."

Mercyline alianza kucheka, kisha akanyamaza, kwa sababu wote wawili walikuwa wanakitazama kitanda, na upande wa dirishani godoro lilikuwa limebonyea kama limekaliwa, na hapo walipokuwa wanatazama, likainuka polepole, likajaa, likawa sawa. Mercyline alitoka bila kugeuka, kitoroli akakiacha palepale, na kuanzia siku ile chumba chao kilihudumiwa na mtu mwengine.

Swabra alimsimulia mumewe wakati wa chakula cha mchana. Faiz alimsikiliza huku anachambua samaki.

"Wafanyakazi wa hoteli hao, kazi yao hadithi," akasema. Kisha akamshika mkono. "Lakini wewe unafurahi? Niambie kweli."

"Nafurahi," akajibu Swabra. Alikuwa anafurahi, maskini, ingawa viganja vyake vilinuka udi, na mdomoni alikuwa na ladha ya kahawa chungu ambayo hakuinywa.

Merikebu ilikuwa nzuri, hilo halina ubishi. Milingoti mitatu, sitaha ya mbao safi, abiria kama ishirini wenye kofia pana, na nahodha mtu wa Likoni aliyeitwa Gona. Walipandia Mtwapa asubuhi. Wangeteremka kusini hadi Wasini, walale vyumba vya chini, kesho yake warudi washukie Likoni.

Saa sita upepo ukakata. Matanga yakalegea yote kwa mara moja, na Gona akatazama juu. Swabra alikuwa anashuka ngazi kwenda kuchukua mtandio wake chumbani, na kutoka kule chini, penye kiza, ikaja sauti ya Faiz, laini, ya mahaba, kama ile ya mwezi wa kwanza wa ndoa yao: "Swabra!"

"Abee!"

Limeshatoka. Ndipo alipokumbuka kwamba Faiz amemwacha juu, amelala kwenye kiti. Ngazi yote ikanuka udi. Kitu kirefu kikampita kwa heshima, kama mtu anayempisha mwenye nyumba, kikamgusa mkono wa kushoto, na mkono ukapoa, na ubaridi ule haukutoka hata alipopanda juu na kuuweka juani.

Kiti cha Faiz kilikuwa kitupu. Simu yake ilikuwa juu ya taulo, na ikalia: ujumbe wa sauti kutoka kwa Wardah. Swabra hakuwa mke wa kupekua simu za watu. Aliubonyeza kwa sababu alidhani mtoto ameanguka tena, yuko peke yake nyumbani.

"Kaka," ikasema sauti ya Wardah, nyepesi, yenye afya, "ashaitika mara ngapi? Mie tangu juzi koo limefunguka, na leo adhuhuri hakunijia kabisa. Imebaki moja, sivyo? Usishuke naye nchi kavu kabla hajatimiza. Na mchekeshe, fundi alisema akiwa na huzuni haishiki."

Swabra aliusikiliza mara mbili. Mara ya pili alikuwa anatafuta mahali pa kumtetea Wardah, asipapate.

Faiz akaja na madafu mawili, anatabasamu.

"Nimeitika mara ngapi, Faiz?"

Madafu aliyaweka chini polepole. "Taratibu, Swabra. Watu wanasikia."

"Na wasikie. Nimeitika mara ngapi?"

"Mbili," akasema, macho kwenye mbao. "Ya pili nimeisikia sasa hivi, ulipoitika ngazini."

Akamwambia yote, kwa kunong'ona. Jini hakuondoka. Alimtaka Wardah, na wakwe wakijua, harusi hakuna. Fundi mmoja wa Mtongwe, mganga wa majini, aliwapa njia: atafutwe mwanamke mwengine wa nyumba ileile, atolewe nje, afurahishwe, aitwe mara tatu, naye aitike kwa moyo mweupe. Akitimiza tatu, yeye ndiye kiti mpaka kufa kwake. Safari ikiisha kabla hajatimiza, mguu wake ukakanyaga nchi kavu, basi jini hurudi kwa damu ya marehemu, yaani kwa Wardah.

"Kumbe likizo hii..."

"Nilitaka angalau ufurahi," Faiz akasema, na ajabu ni kwamba alikuwa analia. "Miaka tisa sijakufanyia kitu. Nikasema, kama itakuwa hivi, na apate siku zake sita."

Hapo Swabra aliumia kuliko pengine pote. Kule kushikwa mkono, kule kuulizwa unafurahi, kile kipande cha samaki alichotiliwa sahanini kimeshatolewa miiba: vyote vilikuwa vya kumlainisha ulimi.

"Na Wardah alijua tangu mwanzo."

"Yeye ndiye aliyesema uwe wewe. Alisema, wifi hanikatalii kitu."

"Angeniomba," Swabra akasema. "Faiz, angekuja akaniomba tu. Nilivyompenda mtoto yule, ningekubali."

Faiz aliinuka. Alimpigia simu dadake kando ya mlingoti, kwa muda mrefu, mgongo kaugeuza.

Tangu hapo Swabra hakusema neno. Alijifunga mtandio mdomoni, akakaa juu ya sitaha mgongo ukutani, na alipopita Gona kumuuliza kama anaumwa, akatikisa kichwa tu. Siku ya pili, jua lilipofika utosini na minara ya bandari ikaanza kuonekana kwa mbali, mwito ukaja. Uliita kwa sauti ya Faiz, kwanza kwa mahaba, kisha kwa hasira, na Faiz mwenyewe alikuwa mbele yake amefumba kinywa; ukaita kwa sauti ya Mercyline, ikicheka; ukaita kwa sauti ya marehemu babake, kwa jina la utotoni ambalo hakuna mtu aliye hai anayelijua, ukamwambia njoo ule, chakula kinapoa, na harufu ya udi ikamjaa puani mpaka machozi yakamtoka, na mkono wa kushoto ukawa mzito, na vidole vyake, yeye akivitazama, vikaanza kujikunja kimoja kimoja kana kwamba vinashika kikombe kidogo cha kahawa, na kila mwito ulipopita koo lake lilijiandaa lenyewe kuitika, kwa sababu koo halijui hatari, koo linajua adabu tu, na adabu ile ilikuwa ndani yake kabla hajajua kutembea. Akauma mtandio. Akahesabu mapigo ya moyo. Ukanyamaza.

Merikebu ikafunga kamba kwenye gati dogo upande wa Likoni. Wardah alikuwa pale, amekuja kuwapokea, uso umemsawijika, mkono mmoja kooni. Ubao wa kushukia ukawekwa. Swabra alikuwa bado hajaukanyaga, Wardah akafungua kinywa.

"Mama!"

Miaka tisa alikuwa wifi. Neno lile Swabra aliliomba kila baada ya sala, akazeeka nalo moyoni, hajaambiwa na mtu yeyote. Sasa anaambiwa mbele ya kadamnasi, kwa machozi. "Mama! Mama yangu Swabra, niitikie! Mara moja tu, mama!"

Hakujua kama aliyeita ni Wardah au ni yule aliyemshika Wardah koo. Alimtazama usoni kutafuta tofauti, na hakuiona, na hilo ndilo lililomvunja. Neno lilikuwa limeshafika menoni. Akaliuma pamoja na ulimi, damu ikamjaa mdomoni, akaukanyaga ubao, hatua moja, ya pili, ya tatu, kisha saruji ya gati, ya moto, chini ya nyayo zake. Mkono wa kushoto ukarudi kuwa mkono wake.

Alimpita Wardah bila kumgusa. Faiz alikuwa angali juu ya sitaha, kimya, na mabaharia walikuwa na kamba zao. Hakuna aliyeita mtu. Lakini nyuma yake Swabra alisikia kilio kinakatika ghafla, akageuka. Wardah alikuwa ameielekea merikebu, ameweka kiganja kifuani, ameinamisha kichwa kidogo, vile vile Swabra alivyomfundisha alipokuwa na miaka kumi na mmoja, siku alizokuwa hajui hata kuitikia watu.

"Abee," akasema Wardah kwa upole.

Swabra akafungua mtandio, akatema damu, akashika njia ya feri huku akilia.