Programu Iliyokataa Kufa

Fundi mkuu wa kituo cha maji alikutwa amelala kifudifudi nyuma ya mlango wa chumba cha klorini, kucha zimechubuka kwa kukwangua chuma. Ilikuwa saa nane mchana. Kufuli la mlango ule liliendeshwa na kompyuta, sawa na vali ya gesi.

"Ni ajali," alisema mkemia wa kituo, shemeji wa marehemu, akijifuta machozi. "Vali imefunguka yenyewe."

"Na mlango nao ukajifunga wenyewe?" aliuliza Inspekta.

Mkemia alirudi nyuma hatua moja.

Feni zilikuwa zimeshaitoa gesi. Inspekta alimwacha daktari wa polisi akiukagua mwili mle ndani, akaingia chumba cha udhibiti, hatua chache tu kutoka hapo. Sajini wa makosa ya mtandao, mama mnene ambaye wenzake walimwita Mama Kibodi, alikuwa ameshakaa mbele ya kompyuta, kwenye dirisha jeusi lenye maandishi meupe.

Ghafla, kishindo. Mlango wa klorini ulikuwa umejibamiza. Kupitia kioo, Inspekta alimwona daktari akipiga ngumi.

"Mungu wangu! Barakoa ya gesi ameivua!" Inspekta alimaka.

Mama Kibodi aliandika amri. Orodha ya programu zote zilizokuwa zikiendeshwa ikashuka kwenye dirisha.

"Hii hapa, namba 4127. Ndiyo inayofungua vali na kufunga mlango."

Akaiua. Taa nyekundu juu ya mlango wa klorini ikazimika. Kabla Inspekta hajashusha pumzi, ikawaka tena.

"Imerudi. Sasa ni 4163."

"Iue tena!"

"Nimeiua. Imerudi."

Daktari alianza kukohoa. Ngumi zikalegea. Inspekta alikimbilia mlango wa klorini, akauvuta kwa mikono miwili, mgongo ukimlowa jasho. Haukutikisika.

"Afande, tunahangaika na mtoto," Mama Kibodi alipaza sauti. "Huyu ana mzazi. Kila mtoto akifa, mzazi anazaa mwingine."

Aliitafuta namba ya mzazi. 3980.

"Muue huyo!"

"Simuui. Namgandisha tu. Ndiye shahidi wetu."

Akamgandisha mzazi, kisha akamuua mtoto. Taa ikazimika. Wakasubiri. Haikuwaka tena. Kufuli likaachia, na daktari akatoka akitambaa, macho yakimchuruzika, lakini mzima.

"Huyo mzazi ameanzishwa wapi?" Inspekta aliuliza, akihema.

"Kompyuta ya maabara. Saa saba na dakika kumi."

Mkemia alikuwa ameshafika kwenye ngazi. Konstebo alimshika mkono, akamrudisha.

"Maabara leo alikuwepo nani?"

"Mimi peke yangu. Lakini ile kompyuta mbovu, sijaigusa."

"Sajini?"

"Nzima kabisa. Dirisha la amri limefungwa saa saba na nusu. Aliyelifunga hakujua kwamba programu imebaki inakimbia nyuma yake, ikisubiri mtu mwingine aingie mle."

Mkemia aliteleza ukutani. Akakaa sakafuni.

"Nilidhani imekufa! Wallahi, sikutaka kumdhuru daktari."

"Lakini shemeji yako ulitaka."

Mkemia alisema kwa sauti ndogo: "Mfumo wa usalama huua programu yoyote inayong'ang'ania vali. Ndiyo nikaipa mzazi."

"Kwa nini?"

"Aligundua kwamba sipimi maji. Nanakili matokeo ya zamani. Ilianza siku moja tu, nilikuwa naumwa. Hakuna aliyeniuliza, nikaendelea." Alifunika uso. "Jana alinivuta pembeni. 'Shemeji,' akasema, 'kwa heshima ya dada yako, nakupa mpaka kesho jioni ukajiseme mwenyewe.' Ningejisemaje? Dada angenitazamaje?"

"Sasa atakutazamaje?"

Mkemia alilia.

"Umenakili kwa miezi mingapi?"

"Mitano."

"Na maji yanayotoka leo?"

"Sijui, afande. Hakuna anayejua."

Inspekta aligeukia nje. Ng'ambo ya barabara mwanamke mmoja alikuwa akimnywesha mwanawe kwa kiganja kwenye bomba la uani. Inspekta alifungua dirisha kwa nguvu, akaanza kupiga kelele.