Nukta Iliyowaokoa Wageni

Baada ya kupalilia shamba la mtama la shule, wanafunzi wa darasa la saba walinawa mikono, wakaingia kwenye somo la Kiingereza. Damari alitangulia, kidevu juu. Jumamosi wageni wangekuja na fundi wa Kizungu kutazama mahali pa kuchimba kisima cha kijiji chao cha Ujamaa, naye ndiye aliyechaguliwa kusoma makaribisho. Alikwisha kujigamba kijiji kizima, na mama yake alikwisha kumshonea gauni.

"Mwalimu, nimeandika sentensi moja tu, ndefu, haina nukta hata moja!" alisema. Kwake yeye, nukta ilikuwa ya watu wenye pumzi fupi.

"Hebu iandike ubaoni," alisema Mwalimu Anselm.

Damari akaandika: *Today we shall eat our visitors will sit in front after we have cooked the pupils will sing.*

Mwalimu akakohoa, akageukia dirishani kidogo. "Zefania, njoo mbele. Wewe ndiye mgeni. Haya, someni, mkomee kwenye *visitors*. Tunasema nini hapo?"

Yustina ndiye aliyeng'amua kwanza. "Leo tutawala wageni wetu!"

Darasa likaangua kicheko. Gasto akaanza kunoa rula kwenye dawati. Zefania akarukia dirishani. "Jamani, mimi nyama yangu ngumu!"

"Msicheke sana," alisema Mwalimu. "Someni na hapa: *after we have cooked the pupils*."

"Baada ya kuwapika wanafunzi..." Kicheko kikakatika, wakabaki wakitazamana.

Damari aliona aibu mpaka machozi yakamlengalenga.

"Irekebishe kabla ya kengele," Mwalimu alimwambia. "Ukishindwa, atasoma Zefania."

"Lakini Mwalimu, nitajuaje pa kuweka nukta?"

"Jiulize: nani anafanya nini? Akija mwingine na kazi yake, mfungie yule wa kwanza mlango kwa nukta. Na kama maneno bado yanatuacha tukingoja, kama 'baada ya kupika', weka mkato, kisha umalizie."

Damari akasoma kwa sauti ya chini, akafuta, akaandika upya: *Today we shall eat. Our visitors will sit in front. After we have cooked, the pupils will sing.* Yaani leo tutakula, wageni wetu watakaa mbele, na tukishapika wanafunzi wataimba. Alipoweka nukta ya mwisho, kengele ikalia.

Jumamosi alisimama mbele ya wageni akiwa amevaa gauni lake jipya. "*Today we shall eat*," alisoma, kisha akatua kabisa. Zefania, aliyeshika ngoma, akashusha pumzi mpaka watu wakageuka. Yule fundi alipiga makofi kwa furaha, asijue alivyoponea chupuchupu.

Sherehe ilipokwisha, Mwalimu alimwita Damari. "Umesoma vizuri. Sentensi kuwa ndefu si kujua Kiingereza. Kila wazo lipe mwisho wake, na kabla hujampa mtu maandishi yako, yasome kwanza kama vile ni ya mwenzako."

"Nimeelewa, Mwalimu. Asante."

"Haya, sasa twende tukale," alisema Mwalimu. Akawaona wageni wakipita, akaongeza haraka, "Nukta!"