Nyuzi Zisizoacha Kovu

Friji ya maabara ilikutwa wazi asubuhi, tupu, ikipumua ukungu mweupe uliotambaa sakafuni. Nyuzi za kushonea vidonda zilikuwa zimeibwa. Hazikuwa nyuzi hivi hivi: zilitiwa dawa iliyotoka kidogo kidogo ndani ya nyama, ili kidonda kipone bila kovu. Mchana huo angeshonwa nazo mtoto mdogo, mgonjwa wa kwanza.

Inspekta waliyemwita Kobe, kwa kuwa hakukimbilia jambo, alisimama katikati ya ukungu ule kama mtu ambaye ndoto yake haijakatika. Hakuwa na haraka ya kuamka. Akiwa hivyo ndipo alipoona vizuri.

"Kitasa hakikuvunjwa, afande," koplo alisema. "Alama za vidole ni za wafanyakazi tu."

"Na sanduku la barafu la kubebea dawa?"

"Lipo pale pale."

Dawa ile iliharibika kwenye joto, na maabara nzima ilijua. Mwizi wa kuuza angezibeba nyuzi zile ndani ya barafu. Huyu alitaka ziharibike.

Kikulacho ki nguoni mwako. Kobe alimfuata daktari aliyezibuni nyuzi zile. Alimkuta dirishani, uso umejaa jua, chai imempoa mkononi.

"Dada, nyuzi ziko wapi?"

"Mimi ndiye niliyeibiwa, afande."

"Aliyeibiwa huuliza kama mali imepatikana. Wewe hujauliza."

Daktari aliyatazama mawingu yakipita taratibu.

"Zimo kwenye buti la gari langu, juani."

"Kwa nini?"

"Mtoto yule asingekuwa wa kwanza. Nilimpasua mdogo wangu ngiri, kwa siri, nikamshona nazo. Tumbo likawa laini, utadhani halijaguswa na kisu. Nikavimba kichwa! Kisha akambeba mwanawe, kidonda kikafumuka chote. Dawa inazuia kovu, na kovu ndilo linaloshikilia nyama."

"Ungemwambia mkuu wako."

"Ningefukuzwa. Nikaona heri ionekane nimeibiwa. Mtoto atashonwa kwa uzi wa kawaida. Atabaki na kovu, lakini atabaki mzima."

Kobe alimwonea huruma, na hasira vilevile.

"Mdogo wako anajua?"

Hapo daktari akaangua kilio. "Anajilaumu. Anasema laiti asingembeba mtoto. Mpaka leo hathubutu hata kumpakata."

Kobe alikuwa ameshazitoa pingu; akazirudisha mfukoni.

"Kituoni utakwenda tu, dada. Lakini kwanza tunapitia kwake, ukamwambie mwenyewe."