Mwanahamisi na Nyota Iliyong'aa Kupita Kiasi

Kaeni vizuri. Aliyekalia kalamu ya mwenzake aitoe. Tunaanza.

Huyu ni Mwanahamisi. Anasoma darasa la kwanza, hapa Tanga. Jina lake ni refu kuliko yeye.

Mwanahamisi anapenda kupiga ngoma. Lakini ngoma hana. Basi hupiga meza, hupiga ndoo, hupiga hata mgongo wa paka.

Pa, tu. Pa, tu.

Paka amezoea.

Shuleni kuna ngoma moja kubwa. Kila asubuhi inapigwa, na watoto wanatoka mstarini kwenda madarasani kwa mwendo mmoja. Juzi mpigaji wake alihamia Korogwe.

"Mwalimu, naomba nipige mimi," alisema Mwanahamisi.

Mwalimu Kidifu alimtazama Mwanahamisi. Akaitazama ngoma. Ngoma ilikuwa imemzidi kimo.

"Kishindo kikubwa, mwenyewe mkubwa," alisema Mwalimu. "Atapiga Hamza."

Hamza ni mkubwa. Akapiga.

Bu. Kimya. Bu-bu. Kimya kirefu. Bu.

Watoto wa mbele walisimama. Wa nyuma hawakusimama. Darasa la kwanza lote likaanguka.

Mwanahamisi alirudi nyumbani roho inamuuma. Machozi yalikuja, akayaacha yatoke.

Mezani alikuwepo Shangazi Mwatumu. Kazi ya shangazi ni kuchunguza nyota. Alikuwa anatazama karatasi, na chai yake imepoa.

"Shikamoo, shangazi. Unatazama nini?"

"Marahaba, mwanangu. Natazama nukta."

Mwanahamisi akachungulia. Kweli, ilikuwa nukta.

"Iko kwenye galaksi ya jirani," alisema shangazi. "Galaksi ni mji wa nyota. Sisi tuna wetu, na wao wana wao."

"Inafanya nini huko?"

"Inatoa eksirei. Ule mwanga wa hospitali, unaoona mifupa. Macho yetu hayauoni, ila darubini iliyo juu angani inauona. Na hii nukta inautoa kupita kiasi."

"Kwani ni kitu gani?"

"Jitu," alisema shangazi. "Shimo jeusi kubwa sana. Mwanga mkubwa, mwenyewe mkubwa."

Maneno kama hayo Mwanahamisi alikwisha kuyasikia leo.

"Umelipima, shangazi?"

"Lipi?"

"Hilo jitu."

Shangazi alikunywa chai ya baridi. "Sijalipima," alisema. "Liko mbali."

Kulikuwa na karatasi nyingine. Juu yake mstari ulipanda na kushuka, ukapanda na kushuka.

"Na huu?"

"Huo ni mwanga wake. Ukizidi, mstari unapanda. Ukipungua, unashuka."

Mwanahamisi akafuata mstari kwa kidole cha kushoto. Kwa mkono wa kulia akapiga meza. Mstari ukipanda, pa. Ukishuka, tu.

Pa, tu. Pa, tu. Pa, tu.

Shangazi aliweka kikombe chini. "Rudia."

Pa, tu. Pa, tu. Pa, tu.

"Polepole. Usiyalazimishe mapigo."

"Siyalazimishi, shangazi. Yenyewe yako sawasawa."

Shangazi aliyahesabu mapigo kwa vidole. Paka akapita, akaangalia, akaondoka.

"Shimo jeusi halipigi hivi," alisema shangazi. "Anayepiga hivi ni nyota ndogo, inayozunguka kama pia. Kila ikizunguka, mwanga wake unatupitia."

"Ndogo kiasi gani?"

"Ingekaa kati ya hapa na Muheza, na nafasi ikabaki."

"Sasa mwanga wote ule inautoa wapi?"

"Inakula kwa jirani. Pembeni yake kuna nyota kubwa. Hii ndogo inaivuta, inaila kidogo kidogo, inang'aa."

Mwanahamisi naye hula kwa jirani, kwa Mama Zubeda, hasa siku ya pilau. Hakuona ubaya wowote.

"Mtu mzima nimeumbuka," alisema shangazi. "Ukubwa wa pua si wingi wa kamasi."

Mwanahamisi alishika pua yake. Ilikuwa ndogo. Alifurahi sana.

Asubuhi, watoto wakiwa mstarini, alikwenda kwa Mwalimu Kidifu.

"Mwalimu, naomba ugeukie ukutani."

"Kwa nini?"

"Usikilize tu. Usinipime."

Mwalimu Kidifu hakuwahi kuombwa jambo kama hilo. Akageukia ukutani.

"Hamza, nishikie ngoma," alinong'ona Mwanahamisi. Hamza akaishika, akaiinamisha.

Pa, tu. Pa, tu. Pa, tu.

Watoto wakaenda. Kushoto, kulia. Kushoto, kulia. Hakuna aliyesimama. Hakuna aliyeanguka.

Mwalimu aligeuka. Alimwona Hamza, ameshika ngoma. Nyuma ya ngoma aliona vijiti viwili na miguu miwili midogo.

"Nani anapiga?"

"Mwanahamisi," walisema watoto wote.

"Mimi nashika," alisema Hamza. "Naomba niendelee kushika. Kupiga sikupendi."

Mwalimu Kidifu alifikiri. Alimtazama Mwanahamisi. Safari hii hakuitazama ngoma.

"Kishindo kikubwa," alisema, "mwenyewe mdogo. Kesho muwahi, wote wawili."

Usiku ule Shangazi Mwatumu alimfunika Mwanahamisi shuka.

"Shangazi, umeandika kwamba ile nyota ni ndogo?"

"Nimeandika."

"Na aliyesikia mapigo yake?"

"Nimemwandika pia. Jina lake limejaza mstari mzima."

Mwanahamisi alitabasamu. Vidole vyake vikagonga ubao wa kitanda, taratibu.

Pa, tu. Pa, tu. Pa...

Tu ya mwisho akaibakiza ya kesho.