Waya wa Buluu wa Bigwa

Siku Winfrida alipokutana na mwanamume atakayempenda, alimwambia mbele ya watu tisa kwamba hajui kusoma maelekezo.

Ilikuwa Jumamosi, jirani na soko kuu la Morogoro, katika duka la vifaa vya mtandao la Nikunj. Watu wamebanana kwenye kaunta, feni inazungusha joto lilelile, na mwanamume mrefu mwenye shati jeupe, lililopigwa pasi likanyooka kama karatasi, anasukuma boksi kuelekea kwa fundi.

"Dada, hii imeharibika. Nataka nyingine."

Winfrida alivaa ovaroli ya kijani na kilemba cha kitenge chekundu, bisibisi nyuma ya sikio. Alikitoa kifaa kwenye boksi, akakichomeka, akakipima. Kilikuwa akses pointi, kisahani cheupe kinachopokea intaneti kwa waya kutoka kwenye ruta na kuitawanya kwa wai-fai pale ambapo ruta haifiki.

"Kaka, kifaa ni kizima. Kosa liko kwako."

"Kwangu wapi?"

"Nyumbani, natumaini. Ulisoma maelekezo?"

"Mimi mwalimu wa lugha. Nasoma kila kitu."

"Basi hukuelewa."

Watu wakacheka. Mwalimu naye akacheka, na hapo ndipo Winfrida alipomtazama vizuri.

Aliitwa Agustino. Alifundisha wageni Kiswahili kwa mtandao, akiwa chumba cha uani nyumbani kwa mama yake, Bigwa, pale milima ya Uluguru inapoanza kupanda. Somo likikatika-katika, mwanafunzi anahama.

"Nenda naye ukaangalie," Nikunj alimwambia Winfrida. "Natafuta wa kuongoza mafundi wa majumbani. Kazi zako zikitulia, nafasi ni yako."

Kosa alilipata kabla hajakaa. Akses pointi ilikuwa ndani ya kabati la vioo sebuleni, nyuma ya masinia matatu ya chuma, imefunikwa kitambaa cha kufuma.

"Shikamoo mama. Nani amekiweka humu?"

"Marahaba. Mimi," akasema Mama Theresia bila wasiwasi. "Kitu cha thamani hakikai dirishani kikapigwa vumbi."

"Mama, masinia yanakizuia. Hakipumui, na hakisikiki."

Akakihamishia ukutani chumbani kwa Agustino, akavuta waya mrefu hadi kwenye ruta. Pale kwenye ruta akaacha pia waya mfupi wa buluu, kichwa kimoja kimechomekwa, kingine kinaning'inia, wa kupimia atakaporudi. Alipotaka kuaga, ugali na kisamvu cha karanga vilikuwa mezani.

"Kwenu wapi, binti?"

"Mgeta, mama."

Mama Theresia akahamia Kiluguru hapohapo. Winfrida akamfuata bila kujikwaa. Wakaongea kuhusu mvua, njegere, na mapadri wa zamani, huku Agustino, anayekielewa Kiluguru lakini anajibu kwa Kiswahili, akimtazama mama yake akicheka kwa sauti ambayo nyumba ile ilikuwa imeisahau.

Wiki ya pili simu ikaita.

"Fundi wangu."

"Nani kakuambia mimi wako?"

"Risiti. Ina jina lako."

"Risiti ni ya kifaa."

"Basi kifaa kimekufa, na mwenye kifaa yuko mahututi."

Alikuta taa zote za ruta zinapepesa kwa pamoja kama zina homa. Ule waya wa buluu ulikuwa na vichwa vyote viwili ndani ya ruta ileile.

"Mlima ulinguruma," Mama Theresia akaeleza. Radi ikianza, yeye huchomoa kila kitu nyumbani, hata redio ya betri, kama alivyofundishwa na mama yake. "Wakati wa kurudisha nikaona ule unaning'inia kama mkia. Tundu lilikuwepo, nikauchomeka."

"Ukifanya hivyo, mama, mawasiliano yanazunguka humohumo, kama mtu anayejipigia simu mwenyewe. Njia inajaa, nyumba nzima inakosa."

"Kumbe. Njoo ule kwanza."

Wiki iliyofuata mlima ukanguruma tena, na mambo yakawa yaleyale. Safari hii Winfrida aliuchomoa ule waya, akaukunja, akautia kwenye droo ya kabati. Agustino akamsindikiza hadi barabarani. Akamshika mkono kabla ya kona, na Winfrida akauacha mkono wake pale. Kuanzia hapo simu zao hazikuhusu ruta.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Umefundisha nini leo?"

"Wakati ujao. 'Nitakuoa.' Mwanafunzi kairudia mara kumi."

"Na mwalimu je?"

"Mwalimu anajiandaa."

Kisha ikaja Jumatano moja kavu, mbingu safi, vilele vya Uluguru vikionekana vyote. Agustino akapiga simu dukani: mtandao umekatika katikati ya somo. Nikunj ndiye aliyepokea.

"Winfrida, nyumba moja mara nne? Ama kazi huijui, ama unakwenda kula. Nafasi nimempa Hafidhi."

Alifika Bigwa amebana midomo. Taa zilikuwa zinapepesa. Waya wa buluu ulikuwa ndani ya ruta, vichwa vyote viwili.

"Umeutoa kwenye droo, Agustino."

"Sijaugusa."

"Waya hauna miguu. Na leo hakuna radi. Ulitaka kuniona, si ungeniita? Mbona nilikuwa nakuja tu? Nimenyimwa nafasi kwa mchezo wako."

Agustino akaitazama droo. Haikuwa imefungwa vizuri.

"Sema samahani, niondoke moyo ukiwa mwepesi."

"Siwezi kuomba msamaha wa kosa lisilo langu, Winfrida."

Jikoni, mwiko ulinyamaza ndani ya sufuria.

Zikapita siku kumi. Winfrida alifunga vifaa nyumba nyingine, akakataa chakula kila alipokaribishwa. Simu ya Agustino ikiita aliiangalia mpaka inyamaze.

Jumamosi, duka likiwa limejaa, watu wakapisha njia wenyewe. Mama Theresia aliingia na kitenge chake cha Pasaka, kilemba kimesimama, viatu vya misa. Nyuma yake Agustino amebeba kikapu cha njegere, shati halikupigwa pasi.

"Shikamoo mama," Winfrida alisema taratibu.

"Marahaba. Ule waya nilichomeka mimi."

Mama Theresia akaweka mkono kwenye kaunta, akaendelea.

"Mara mbili ilikuwa radi. Mara ya tatu hapakuwa na hata wingu. Niliutoa kwenye droo, nikauchomeka, nikabandika sufuria nikijua utakuja."

Winfrida akamgeukia Agustino. "Ulijua?"

"Nilijua nilipoiona droo."

"Na ukaniacha nikutukane?"

"Ningesemaje? Nimtaje mama yangu mbele yako, anasikia? Nilimwachia aseme mwenyewe." Akatua kikapu. "Mwanafunzi wangu wa Jumatano amehama. Nisingekata kamba niliyoning'inia."

Hilo Winfrida alipaswa kuliona tangu mwanzo, yeye anayejisifu kwa kutafuta makosa. Macho yakamjaa.

"Nisamehe."

"Nimeshakusamehe. Ila nataka kutuma mshenga Mgeta."

"Umesoma maelekezo ya kwetu?"

"Sijayasoma. Nielekeze wewe."

"Tuma," Winfrida akasema, na ovaroli yake ikapakwa vumbi la njegere alipomkumbatia mbele ya wateja.

Nikunj alikohoa. "Sasa mama, umenifanya nimnyime fundi wangu nafasi kwa kosa lako. Nafasi nitamrudishia leo, na Hafidhi nitaongea naye. Lakini mwombe radhi binti wa watu."

"Mama, kweli," Agustino akasema. "Mwombe."

Mama Theresia alikaza kilemba.

"Miaka sita tangu baba yako azikwe, hakuna mtu aliyenisemesha lugha yangu mezani kwangu. Huyu kaja kutengeneza kitu kingine, kanirudishia na sauti. Namshukuru Mungu kwa ile radi. Namshukuru kwa ule waya na kila tundu lililokuwa wazi. Nafasi yake irudi, hiyo ndiyo niliyoifuata, nami nimesema ukweli mbele ya watu. Mwanafunzi mmoja kaondoka, mwana mmoja kaingia." Akamsogezea Winfrida kikapu. "Radhi siombi."