Macho ya Lile Joka

Jioni ile mke wangu alinituma kiberiti. Hakunitazama. Tangu tumzike binti yetu ananiita fundi, kama wateja wanavyoniita.

"Fundi, kalete kiberiti. Leo nataka nione moshi."

Sauti ilipita kwenye mwanya wa meno yake, mwanya ulionifanya nimpose. Nilijua anataka kichomwe nini.

Mimi ni mchoraji wa mabango. Miaka ishirini nimechora viatu, mikate na vichwa vilivyonyolewa kwenye kuta za watu. Aliyenifundisha kazi alinikataza kuchora kwa kukumbuka. Kitu kiwe mbele yako, ukitazame, ndipo uchore. Basi alipokuja mama mmoja mwenye harufu ya penseli iliyochongwa sasa hivi, akataka nimchoree kwenye karatasi joka ambalo halijawahi kuwepo, nililiunga kutoka kwa viumbe hai. Magamba, nilimtazama mjusi wa ukutani. Kucha, jogoo wetu. Pembe, beberu wa jirani.

Mjusi nilimkuta amekauka. Jogoo alikufa siku ya tatu. Beberu alipoanguka, jirani alicheka. "Fundi, mimi usinichore, bado nina watoto wa kusomesha."

Nilicheka naye. Lakini nilikuwa nimeshajua. Mungu analijua hili, na sasa nalisema kwa mdomo wangu: nilijua, nikanyamaza. Kwa mara ya kwanza nilikuwa nachora kitu ambacho si kiatu, si mkate, si kichwa kilichonyolewa.

Yalibaki macho. Binti yangu alikuja akasimama nyuma yangu.

"Baba, hilo litamtisha nani? Linafanana na mjomba akisubiri chakula."

"Bado halina macho."

"Basi chukua yangu."

Akakaa kwenye kigoda, amekodoa macho, akijizuia kucheka. Ningeweza kukataa.

Nilichonga penseli.

Homa ilimpata, na siku ya nne tukamzika.

Nilirudi na kiberiti mfukoni. Giza lilikuwa linaanza kuingia. Mlangoni pa karakana nilisimama... ile harufu. Penseli iliyochongwa sasa hivi.

Yule mama alikuwa amekaa kwenye kigoda cha mwanangu.

"Nimekuja kutazama," alinong'ona.

"Chukua uende nalo."

"Bado halijaisha."

"Mimi sichori tena."

"Wewe umeshamaliza sehemu yako."

Aliinuka, akanipita. Sikusikia hatua. Nilipotazama kigoda, vumbi la siku zote zile lilikuwa limetulia juu yake, halijaguswa.

Nilitandaza joka sakafuni. Nikataja jina la Mungu. Nikawasha njiti, nikaishusha.

Macho yalifinyika.

Hivyohivyo alivyokuwa akifanya binti yangu nikimwashia taa alfajiri, aamke aende shule. Jicho la kushoto kwanza, halafu la kulia.

Nikapuliza njiti.

"Fundi." Mke wangu alikuwa nyuma ya mlango. "Umeshachoma?"

"Nachoma."

Nilichukua bango la zamani la mikate, nikalichoma hilo, apate moshi wake. Nilimsikia akilia taratibu, kama mtu aliyetua mzigo, halafu akasema ahsante. Nimeongopa mara nyingi maishani. Sijawahi kuongopa na kushukuriwa.

Joka nililificha nyuma ya kabati, limegeukia ukutani. Kila jioni, nikishasali, naligeuza. Namsalimia mwanangu. Macho hunifuata nikienda huku, yakanifuata nikienda kule. Siku nyingine yanaonekana yanajizuia kucheka. Namwomba Mungu msamaha, halafu kesho nafanya tena.

Jana niliona mdomo.

Mimi niliuchora umefumbwa. Ulikuwa umeachama kidogo... kiasi cha kupitisha kidole. Ndani kulikuwa na meno, mistari ya penseli laini, safi kuliko mkono wangu.

Sikuyachora mimi.

Mawili ya mbele yana mwanya.

Leo mke wangu ameamka na homa. Ameniita kutoka chumbani, na hakuniita fundi. Ameniita mume wangu, akaomba maji. Nimempa. Ameniuliza mbona nanuka penseli.

Kiberiti kina njiti tele. Nimekaa sakafuni tangu adhuhuri, kiko mkononi. Nikichoma, namuua mwanangu mara ya pili. Nisipochoma, najua hesabu ya siku nne.

Huko chumbani ameanza kukohoa.

Nimewasha njiti tatu. Na mara zote tatu, jicho la kushoto kwanza, halafu la kulia.